Chafya ya Marehemu

4 Machi

Wifi yangu,

Kaka yako ameamua tuandikiane barua. Anasema kwenye simu hatumalizi salamu kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na barua angalau haikatiki katikati. Basi nimekaa mezani, wanafunzi wangu wa udereva nimewapa mapumziko, na nakuandikia kama tulivyofundishwa shule: mimi mzima, watoto wazima, kaka yako anakoroma kama kawaida yake.

Kuna habari. Unamkumbuka yule kijana aliyekuja kwenye harusi ya binti yetu, akatuona mimi na wewe tumesimama pamoja, akaangua kilio? Kumbe hakuwa amelewa. Ni mtunzi wa michezo ya jukwaani, na ameandika mchezo unaoendeleza ile filamu tuliyoigiza usichanani. Nyimbo mwanzo mwisho, vichekesho mpaka mbavu ziume. Unaitwa Dawati la Mbele, Miaka Thelathini Baadaye. Ukumbi umeshapatikana, ule mkubwa wenye viti vyekundu. Anasema filamu ile inarudiwa kwenye televisheni kila shule zikifungwa, hakuna asiyemjua Monita wako na hakuna asiyemjua Pilipili wangu, kwa hiyo watu watajaa mpaka mlangoni.

Mimi nimeshakubali. Kwako wanataka ridhaa yako tu, na wasipoipata hawawezi kuuonyesha. Nilijua utauliza umepewa nini, nikamdadisi mtunzi kabla sijakuandikia. Wifi, mchezo mzima unakuzunguka wewe. Uko jukwaani tangu pazia linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Hakuna wimbo ambao hukutajwa. Kila anayeingia anazungumza na wewe, na wawili wanapiga magoti mbele yako.

Niandikie upesi kwamba umekubali.

Mimi wifi yako,
Pilipili


15 Machi

Wifi mpenzi,

Nimekubali! Barua yako niliisoma hapa dukani, mteja akiwa amekaa kwenye kiti na ile miwani mizito ya kupimia. Nilimsahau kabisa. Nilipogeuka nikamkuta bado anasoma herufi ukutani peke yake, maskini, ameanza upya kutoka juu.

Nimeanza kuimba tena. Naimba asubuhi nikifungua duka, naimba jioni nikifunga. Muuza magazeti aliyekuwa mlangoni kwangu amehamia ng'ambo ya barabara, anasema ni kwa sababu ya jua. Fundi wangu wa nguo ameanza gauni la kijani kama lile la kwenye filamu, ila safari hii kitambaa kitaenda kingi. Wateja wangu wote wameshajua, na walio na miwani mizuri nimewaambia waanze kujitafutia viti vya mbele.

Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Niko jukwaani mwanzo mpaka mwisho, maneno yote hayo nitayakariri vipi kwa umri huu? Mwambie mtunzi anitumie sehemu yangu mapema.

Halafu wewe. Umeandika ukurasa mzima na hukusema umepewa nini. Najua kwa nini hukusema, na nimeumia kwa niaba yako. Lakini hata nafasi ndogo ni nafasi. Kama wewe usingemwaga gundi kwenye kiti changu halafu ukakikalia mwenyewe, mimi ningeng'ara vipi? Watu walikucheka wewe ndipo wakanipenda mimi. Kwa hiyo nakuomba, mambo ya ngoa yasituingie. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ingawa wewe kukonda kidogo hakutakudhuru.

Nitafikia kwenu. Lile godoro la chumba cha wageni libadilishe, mara ya mwisho lilinivunja mgongo. Na ufute vumbi kabla sijafika. Pua yangu unaijua.

Wako,
Monita


21 Machi

Wifi,

Hapo ulipo, kaa chini kwanza. Mteja kama yupo mtoe.

Wewe umekufa.

Yaani kwenye mchezo. Monita ni marehemu. Aliangukiwa na kengele ya shule siku ya mahafali akiwa anatoa hotuba ndefu. Pazia likifunguliwa, picha yako kubwa imetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na hapo ndipo mambo yote yanapotokea. Ndiyo maana uko jukwaani muda wote. Ndiyo maana kila mtu anazungumza na wewe. Irudie barua yangu ya kwanza uone kama kuna neno hata moja la uongo.

Maneno ya kukariri huna, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Mwalimu mkuu ni Pilipili, yaani mimi. Nyimbo ni kumi na moja na tisa ni zangu. Nilitaka kukuambia tangu mwanzo, lakini kila nikishika kalamu nilikuwa nauona uso wako, ule wa kununa, ambao kaka yako naye anao. Nikaona kwanza ukubali, halafu nitajua la kufanya. Sasa umekubali na la kufanya bado silijui.

Ridhaa wanayotaka ni ya kutumia sura yako. Wamechagua ile picha ya gauni la kijani, umecheka na meno yote. Umependeza sana, wifi.

Godoro nimebadilisha.

Pilipili


28 Machi

Kwako Mwalimu Mkuu,

Kengele! Katika vifo vyote alivyoumba Mungu, mmenitafutia kengele! Mtu hata homa hakuniombea, wala ajali ya heshima, nikafa nikitoa hotuba kama kichekesho!

Picha sitoi. Mwambie huyo mtunzi wako mliaji akatafute uso mwingine autundike. Uso wangu hautundikwi mahali wewe ukiuimbia nyimbo tisa. Fundi wa nguo ameshashona gauni, linaning'inia hapa nyuma ya pazia la duka, kila nikipita linaniuliza. Wateja wananiuliza. Muuza magazeti amerudi mlangoni, na yeye ananiuliza.

Na usije ukasema nina wivu. Wivu wa nini? Wa mtu aliyenata kwenye kiti nchi nzima ikimtazama?

Hayo ya juu niliyaandika asubuhi. Sasa duka nimelifunga na nimeyasoma tena.

Nina wivu, wifi. Nina wivu mpaka chakula hakipiti. Watu wanakuja hapa kuchagua miwani, lakini naona jinsi wanavyoniangalia, wanamtafuta yule msichana. Nami nasimama nyuma yao kwenye kioo cha kujaribia, namtafuta pamoja nao. Barua yako ilipokuja nilidhani wamempata, wanamwita. Kumbe wamemchukua yeye wakamtundika ukutani, na mimi wameniacha nje na gauni langu. Na wewe, uliyekuwa nyuma yangu siku zote, ndiye uliyepewa ofisi yenye huo ukuta.

Jibu langu ni hapana. Wasalimie watoto.

Monita


6 Aprili

Wifi,

Nimempa mtunzi jibu lako. Alilia, kama unavyomjua. Anasema bila uso wako hakuna mchezo, na mwongozaji anasema hivyohivyo bila machozi. Kwa hiyo wewe umeshika mpini, mimi nimeshika makali. Ukivuta nitakatika, na nakuandikia ili ujue unavuta nini.

Wewe una wivu wa wiki moja na chakula hakipiti. Mimi nina wa miaka thelathini, na nimekula nao, nimezaa nao, nimewalea nao watoto wanaokuita shangazi. Nikienda sokoni wananiuliza kama gundi imetoka. Mwanafunzi akifeli mtihani wa udereva ananiambia, ndiyo maana Monita alikushinda. Siku ya harusi yangu, wifi, harusi yangu mwenyewe, nimevaa nguo nyeupe, mpiga picha aliniomba nisogee kidogo ili akupate wewe vizuri. Unajua nilifanya nini? Nilisogea. Hiyo picha iko sebuleni kwangu, nenda kaiangalie ukija tena. Bibi harusi ni bega.

Sikukuchukia hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa linanichosha. Ungekuwa mtu mbaya ningepumzika.

Miaka yote nimefundisha watu kuendesha gari nikiwa nimekaa kiti cha abiria. Leo nimepewa usukani, mara moja tu, na ufunguo uko kwako. Ukininyima, ninyime, lakini usiseme ni kwa sababu ya kengele.

Mazoezi tumeshaanza, tukikungoja. Yanakwenda vizuri sana. Mwongozaji ananisifu kila siku.

Pilipili


14 Aprili

Dada,

Mke wangu hajui kwamba nakuandikia. Mimi si mtu wa barua, nyinyi ndio wenye maneno, kwa hiyo nasema moja kwa moja.

Mazoezi hayaendi vizuri. Mwongozaji hamsifu, anataka kumtoa. Kuna msichana mwingine ameshaanza kujifunza nyimbo zake. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi huu, na kwako ameficha.

Kuimba anaimba, hilo unalijua mwenyewe. Tatizo ni miguu. Katikati ya jukwaa, chini ya taa kubwa, wameweka alama anapotakiwa kusimama. Anakuja vizuri tu, akifika hatua moja kabla ya alama anasimama, pembeni, nyuma kidogo. Taa inamulika sakafu tupu na yeye anaimba gizani. Wamebadilisha rangi ya alama. Wameweka zulia. Mwongozaji amemshika mkono akampeleka, alipomwachia akarudi palepale. Anawaambia eti ni mazoea ya kiti cha abiria. Wamemwamini.

Jana alikuwa anajizoeza sebuleni. Nikaona ile nafasi anaiacha hata pale, kati ya kochi na meza. Nikaenda nikasimama hapo, nimtanie. Akanisukuma akasema, "Toka hapo, utamkanyaga dada yako." Akaenda jikoni akakaa muda mrefu na taa hakuwasha. Nadhani hata yeye alikuwa hajui.

Unakumbuka siku nilizokuwa nakuja kukuchukua mlipokuwa mnapiga ile filamu. Sakafuni palikuwa na alama mbili za utepe mweupe, ya kwako mbele, ya kwake nyuma upande wa kushoto. Basi bado yuko kwenye ile ya kwake.

Sikuombi kitu. Mimi ni fundi wa friji. Angekuwa friji ningeshamtengeneza.

Kaka yako


20 Aprili

Wifi,

Nimefikiri upya. Picha bado sitoi. Nakuja mwenyewe.

Mwambie mtunzi atengeneze fremu kubwa, nami nitasimama ndani yake na gauni langu la kijani. Nitakuwa picha. Usicheke. Kazi yangu ni kuwaambia watu watulie, wasipepese, waangalie mbele, na tangu nimeanza hakuna aliyeweza. Sasa nitawaonyesha. Watu watadhani ni picha kweli, halafu katikati ya mchezo nitageuza macho kidogo tu, mtu mmoja wa mstari wa tatu aone, na mwenzake amwambie ameota.

Nina masharti yangu. Fremu isiwe pembeni ukutani. Iwekwe nyuma kabisa ya pale kwenye taa kubwa, katikati, anaposimama mwimbaji. Ni kwa ajili ya macho yangu, taa ya pembeni inaniumiza. La pili, kengele iwe ya shaba. La tatu, nasikia waongozaji wana tabia ya kubadilisha watu dakika za mwisho. Mwambie huyo wenu kwamba mimi na wifi yangu ni mzigo mmoja, akishusha mmoja ameshusha wote. Simjui, nasema tu kwa jumla.

Na jukwaa lifagiliwe vizuri. Nikipiga chafya ndani ya hiyo fremu msije mkanilaumu.

Wivu bado ninao, nakuja nao kwenye sanduku. Nyimbo tisa ni nyingi. Ungeweza kubakiza moja kwa marehemu.

Monita


3 Juni, jikoni

Wewe uliyeko chumba cha wageni,

Kwa kuwa hatusemezani tangu jana, na kwa kuwa nyumba ni yangu na siwezi kukukatia simu mlango kwa mlango, nakuandikia. Kaka yako atakuletea hii pamoja na chai. Anasema yeye si tarishi lakini ameshavaa viatu.

Ulipopiga chafya siku ya kwanza ya mazoezi kwa sababu ya vumbi, mtunzi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, akaiandika kwenye mchezo. Nilikubali. Chafya moja, mara tu nikimaliza kuimba kwamba marehemu alikuwa mtu mtulivu. Nami nageuka, naangalia picha, naangalia watu, naendelea. Vizuri. Ni kichekesho kizuri, sikatai.

Jana, siku ya ufunguzi, ukumbi umejaa, umepiga mbili.

Ya pili umeipiga kwenye wimbo wangu wa mwisho! Ule wa taratibu, ambao sina mtu mwingine jukwaani! Nimefika mwisho kabisa, nimevuta pumzi ya neno la mwisho, na wewe huko nyuma, haachuuu! Watu wakasimama. Viti vyekundu vyote vikabaki wazi. Mzee mmoja aliangusha fimbo yake. Walikupigia makofi wewe, wifi, mtu uliyekufa, usiye na wimbo hata mmoja. Leo gazeti limeandika mistari minne juu ya sauti yangu na aya nzima juu ya pua yako.

Nilikuwa nimefika pale. Kwenye alama. Miezi yote hii sikuweza kufika, sikukuambia, na jana nilifika. Sijui kama hata uliona.

Pilipili


3 Juni, chumba cha wageni

Wifi,

Chai imefika, sukari umesahau. Au hukusahau.

Niliona. Mle ndani ya fremu sina kingine cha kuangalia. Kwenye mazoezi yote ulikuwa unasimama palepale, hatua moja kabla, nami natazama sakafu yenye mwanga na kusema moyoni, sogea, sogea, mwanamke wewe, mimi siko hapo tena, niko huku nyuma. Ndiyo maana niliitaka fremu katikati. Macho yangu hayana shida na taa yoyote, nina duka la miwani. Na usimgombeze mumeo, kwa kuwa sikusema ni yeye.

Jana ukasogea. Taa ikakushika mabegani na kichwani. Nikauona mgongo wako, wifi. Sikuwa nimewahi kuuona. Tangu tukiwa wasichana ni wewe uliyekuwa unauona wangu, na sikuwahi kujiuliza huko nyuma mtu anajisikiaje. Ukaanza kuimba. Unaimba vizuri mpaka inaudhi. Nilikuonea wivu, na nilifurahi vilevile, sijui kipi kilitangulia, na machozi yakaanza kunitoka.

Sasa picha italiaje? Marehemu anatakiwa atabasamu na meno yote. Machozi yananitelemka, pua inajaa, siwezi kuinua mkono nifute, na watu wa mstari wa mbele wanaanza kunikodolea macho. Nikaona nikipiga chafya watadhani ni mchezo.

Haikuwa vumbi, na haikuwa ujeuri. Nilikuwa nalia.

Naomba sukari.

Monita


3 Juni, jikoni

Wifi,

Sukari hiyo hapo, vijiko viwili, na mkate. Kaka yako anasema hii ni safari ya mwisho, baada ya hapa tufungue milango kama watu.

Nimeisoma barua yako nimesimama, sufuria ikaungua.

Leo kwenye wimbo wa mwisho nitafika kwenye alama, nitaimba mpaka lile neno la mwisho, halafu nitasogea hatua moja kushoto. Safari hii najua ninachofanya, hakuna aliyeniomba nisogee. Mwongozaji nimemwambia ni yale mazoea yangu ya udereva. Wewe toka kwenye fremu uje usimame hapo. Neno la mwisho tutaliimba wote, na watu wakipiga makofi tutajua wenyewe nyumbani ni ya nani.

Lakini ukinipigia chafya ya tatu, nakuapia, hiyo kengele ya shaba nitakuangushia kwa mkono wangu mwenyewe.

Vaa lile gauni. Nimelipiga pasi.

Pilipili